Upepo wa Mayai ya Bi Wahiba

Jumamosi, 26 Aprili

Mchana 37.6. Jioni 37.6.

Tupokigwe amesema niandike namba tu. "Mama, joto asubuhi, mchana na jioni, basi. Usiniandikie hadithi." Namba nimeandika. Sasa karatasi imebaki nyeupe yote hii, na mie kuacha karatasi nyeupe sijawahi kuweza tangu darasa la tano nilipoishia.

Mvua ya Alhamisi iliangusha ukuta wa nyuma wa jirani yetu Bi Wahiba, ukalalia banda la kuku. Kuchi wake, majike tisa na jogoo, hakutoka hata mmoja. Mbegu ile marehemu mumewe, mzee Nasser, aliachiwa na baba yake, na watu walikuwa wanatoka mpaka Boko kuja kumwangalia jogoo tu. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta dukani kwake, kikapu kiko mapajani. Mayai arobaini na mawili.

"Mama Tupo," akasema, "haya ndiyo yaliyobaki ya Nasser." Na mtaa mzima hakuna kuku anayeatamia, tumeshauliza.

Nikajisikia nasema, "Tupo ameniachia mashine." Mdomo huu!

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao, ukubwa wa kabati la vyombo. Tupo aliichora, fundi Rogers wa Manzese akaigonga wakati wa likizo ya Pasaka. Ndani kuna balbu mbili za kutoa joto, trei ya mayai, na feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Mbele ya feni vimesimama vijiti sita kama meno ya kitana. Ndio mradi wake wa mwaka wa mwisho chuoni Arusha, na tulikuwa tutafute mayai ya kawaida ya kujaribia. Nilipompigia kumwambia nimepokea ya nani, alipiga kelele.

"Mama! Ile ni mashine ya majaribio!"

"Basi nayo ijaribu kwa adabu."

Siku ishirini na moja. Ee Mungu.


Jumapili, 27 Aprili

37.5. 37.6. 37.6.

Kanisani nimeombea mayai. Nimeomba kimoyomoyo, maana niliona aibu.


Jumatatu, 28 Aprili

37.6 mara zote. Nageuza mayai mara tatu kwa siku kama nilivyoelekezwa. Kila yai lina alama ya penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili nijue lipi nimegeuza. Bi Wahiba amekuja kuyaona, akasimama, mikono kiunoni.

"Mama Tupo, mbona mayai yangu umeyabatiza?"

Nikaanza kujieleza, nikababaika, naye anacheka mpaka anashika ukuta. Ndiyo mara ya kwanza namwona anacheka tangu Alhamisi. Akaomba penseli, kwenye duara moja akachora mwezi na nyota. "Sasa liko sawa, lichague lenyewe."


Jumanne, 29 Aprili

37.6. Mvua.


Jumatano, 30 Aprili

Umeme umekatika saa nane mchana mpaka saa kumi. Nimeweka chupa za maji ya moto ndani kama Tupo alivyoniambia, nikakaa mbele ya sanduku nimelikumbatia. Baba Tupo ametoka kazini amenikuta hivyo hivyo. "Nikodemu mie," akasema, "miaka ishirini na minne ya ndoa sijakumbatiwa saa mbili mfululizo." Jioni 37.4. Asante Mungu.


Jumamosi, 3 Mei

37.6, 37.6, 37.5.

Leo siku ya saba, tumemulika. Mie na Bi Wahiba tumejifungia chumbani, pazia limefungwa, tochi ya simu chini ya yai. Ndani kuna mishipa kama mizizi ya mchicha, na kidoa kinarukaruka katikati. Bi Wahiba alikuwa anasema "Subhanallah" kila yai, na mie nasema "Asante Yesu" kila yai, mpaka tukajikuta tunapokezana kama kwaya. Matano hayana kitu, tumeyatoa. Yamebaki thelathini na saba.

Bi Wahiba ana miaka sitini na sita. Miaka kumi na moja nimekuwa nanunua chumvi kwake, na nilikuwa namwonaga mwanamke wa kujisikia kidogo, anakupa chenji haangalii usoni. Kumbe macho yake ya mbali hayaoni, na miwani haipendi.


Jumatatu, 5 Mei

37.6. 37.6. 37.6.

Nimeingiza mkono kugeuza mayai na ule upepo ukanipiga kwenye kiganja. Mbona wa baridi? Halafu wenyewe haujatulia, unakuja vipandevipande kwa sababu ya vile vijiti, unagonga huku, unagonga kule. Vitoto vichanga vile!

Naandika kitu ambacho Tupo hakikumbuki. Alikuwa na miezi minane, masika kama haya, nilimbeba mgongoni sokoni bila kumfunika vizuri. Alishikwa na nimonia, tukalala hospitali siku kumi na moja. Tangu hapo mie na upepo si marafiki. Mpaka leo akija likizo namfungia dirisha, na ana miaka ishirini na tatu.


Jumanne, 6 Mei

37.6 asubuhi. Mchana sikuwepo. Jioni 37.6.

Nilikwenda Manzese kwa fundi Rogers. Nikamwambia, "Fundi, ile feni ipunguze kasi. Na vijiti vile si ving'oke tu?"

"Mama yangu, mie nimepewa mchoro," akasema, msumeno bado uko mkononi. "Vijiti vile nilivikata mara nne, binti yako anapima kwa rula anasema hapana fundi, rudia. Leo niving'oe? Mpigie injinia wako."

"Injinia wangu hajazaa."

"Na mimi sijazaa, ila mchoro naujua."

Wamecheka wote pale kiwandani. Nimerudi nimenuna.


Jumatano, 7 Mei

37.6. 37.6. 37.6.

Imenyesha tangu alfajiri, nyumba nzima baridi. Sikuvumilia. Nimechukua kitambaa changu cha kichwa, kile cha njano, chepesi tu, nikakifunga mbele ya vijiti. Feni inazunguka kama kawaida ila upepo sasa unatoka kwa upole, hausikiki. Nimekaa nusu saa naangalia kipimajoto, hakijasogea hata nukta. 37.6. Sasa kuna ubaya gani? Leo nitapata usingizi kwa mara ya kwanza wiki hii.


Alhamisi, 8 Mei

37.6 mara tatu. Kimya. Asante Mungu.


Ijumaa, 9 Mei

37.6 mara tatu.


Jumamosi, 10 Mei

37.6 mara tatu. Tupo kapiga, anasema namba zangu zinapendeza kama za mashine ya dukani. Nilitaka kumwambia kuhusu kitambaa, nikaona nitamchanganya ana mtihani.


Jumapili, 11 Mei

37.6. Sina la kuandika.


Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi 37.6. Mchana na jioni nitaandika huko chini.

Saa nne Bi Wahiba kagonga mlango. "Hodi, nimekuja kuwaona wanangu." Nikamwambia subiri kidogo Bi Wahiba, nipanguse. Nikafungua mashine haraka, nikakivuta kitambaa, nikakisokomeza kifuani ndani ya gauni. Kwa nini nilikificha? Kama nilikuwa naona sina kosa, nilikificha cha nini? Hilo nimejiuliza siku nzima.

Akaingia. Akachukua yai la katikati kabisa ya trei, akafumba jicho, akalibandika yai kwenye kope. Akatulia hivyo kama mtu anayesikiliza. Nikamuuliza ndio nini.

"Babu yangu alitotolesha mayai kwao Pemba kwa pumba na mablanketi. Kipimo hana. Kipimo chake hiki hapa." Akagusa kope. Kisha akalirudisha, akachukua la pembeni, akalibandika. "Hili zima." Akarudi katikati, akachukua jingine. Akakaa nalo muda.

"Mama Tupo, hili lina homa."

Nikamwonyesha kipimajoto. "Bi Wahiba, kinasema 37.6."

"Kipimo kiko mlangoni, mwanangu. Mayai yako ndani."

Nikalichukua lile yai nikaliweka kwenye jicho langu. Jamani. Joto lile nalijua. Ni lile lile la shavu la Tupo siku ile ya masika, unaweka shavu lako unajua kabla daktari hajasema. Nilikuwa nimesimama pale nimefumba jicho, yai jichoni, na kitambaa kinaniwasha kifuani.

Nikampigia Tupo, sauti kubwa, Bi Wahiba yuko pembeni yangu.

"Fungua mlango dakika kumi," akasema. "Nyunyizia maji ya vuguvugu, kidogo, kwa mkono. Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Vijiti vipo?"

"Vipo."

"Mama, kuna kitu chochote umegusa?"

"Sijagusa kitu."

Nimeandika hapa kama nilivyosema. Nilisema hivyo.

Tumenyunyizia maji, tumepepea, tumefunga. Mchana Bi Wahiba akayapima tena kwa kope, moja moja, safu ya katikati yote. Akaniambia tu, "Usiku mwema, Mama Tupo," na ilikuwa saa saba mchana.

Mchana 37.6. Jioni 37.6. Kipimajoto hakijadanganya. Kimesema kweli ya mlangoni.


Jumanne, 13 Mei

37.5. 37.6. 37.6.

Nimemulika peke yangu. Ya pembeni yote yanacheza. Katikati, tisa yametulia. Nimeyatikisa polepole, nikasubiri, nikamulika tena. Tisa. Viza. Mojawapo lina mwezi na nyota.

Nimempelekea Bi Wahiba habari ya tisa, ila habari ya kitambaa sikumpa. Akasema, "Mungu ndiye anayejua." Nikasema ndiyo. Mie pia najua.


Jumatano, 14 Mei

37.6 mara tatu. Sijala. Kesho Tupo anaingia na basi la usiku, anataka awepo mayai yakianguliwa. Ataliomba daftari hili. Leo nimeushika ukurasa wa tarehe saba, nimeukunja, nimeukunjua. Ukichanika unachanika na tarehe nane kwa nyuma, atajua. Na hata asipojua.


Alhamisi, 15 Mei

37.6 asubuhi.

Alipoingia, kabla hajavua viatu, nikampa daftari. Lote. Nikaenda jikoni nikasimama nimeupa mlango mgongo.

Nikasikia kurasa zinafunguliwa, kisha hazifunguliwi. Akaja jikoni.

"Siku tano, mama. Siku tano zote 37.6, na mayai yanapikwa."

"Niliogopa upepo."

"Najua. Umeandika." Akatoka nje uani akakaa kwenye ndoo, mvua inamnyeshea kidogo. Nilitaka kumpelekea koti. Nikajizuia, ikanichukua nguvu zote.

Aliporudi hakuwa na hasira, au alikuwa nayo ameiweka pembeni. Akasema, "Kaa hapa. Baba naye aje." Akachemsha chai, akajaza vikombe vitatu vya bati sawasawa. Akawasha feni kubwa ya sebuleni. Kikombe cha kwanza akakiziba kwa mbele na kitambaa changu cha njano. Cha pili akakiacha upepo ukipige wazi. Mbele ya cha tatu akasimamisha uma nne, kwenye kipande cha kiazi. Tukasubiri dakika sita, watu wazima watatu tunaangalia chai.

"Baba, onja."

Baba Tupo akaonja cha kitambaa, akaruka. "Umeniunguza ulimi, mtoto!" Cha pili akapuliza kidogo akanywa. Cha uma akakinywa chote bila kusimama, akauliza kama kuna andazi.

"Uma nazo si zinazuia upepo?" nikasema. "Kingepoa mwisho."

"Hazizuii, zinauvuruga." Akachukua kikombe akakizungushia kidole. "Kila kitu, mama, kikombe, yai, wewe, kinavaa hewa. Hewa nyembamba imekigandia haiendi popote, ni kama shuka. Upepo ukija umenyooka unateleza juu ya shuka, unapita zake. Ukija umevurugika unaingia chini ya shuka na kulivua. Na mgongoni mwa yai, kule upepo hauendagi, uliovurugika unageuka na kufika. Wiki ya kwanza unalipelekea yai joto la balbu. Sasa hivi kifaranga ni mkubwa, mwenyewe anatoa joto, upepo ule ule ndio unaolitoa nje. Ukikosekana, ya pembeni yanapumua, ya katikati yanafunikana."

Nikasema, "Kumbe niliyavalisha koti ndani ya koti."

Akaniangalia. "Ndiyo, mama." Kisha akasema taratibu, "Nilikuwa na miezi mingapi?"

"Minane."

"Hujawahi kuniambia."

Amepiga picha kurasa zote kwa simu, na za kitambaa pia. Anasema hataficha hata moja kwa mwalimu wake. Kazi ya vijiti, akasema, ilikuwa haina ushahidi mzuri mpaka nilipoizima. Sijui kama alisema kunifariji. Nimeshukuru vyovyote.


Ijumaa, 16 Mei

37.5. Mchana na jioni hivyo hivyo.

Nimekwenda dukani kwa Bi Wahiba kabla hajafungua. "Shikamoo Bi Wahiba."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nikamwambia: kitambaa, siku tano, mayai tisa, na ule uongo niliousema amesimama pembeni yangu. Nilikuwa nimejipanga maneno mazuri, yakatoka yote vurugu.

Akaendelea kupanga sabuni. "Ncha ilikuwa inachungulia kwenye kola yako," akasema. "Ya njano. Mbali sioni, ila karibu naona kama mwewe."

Nikataka ardhi inimeze. "Ulijua! Siku ile ile? Mbona hukusema?"

"Ningesema ungejibu nini? Ungeapa. Na ukishaapa, mimi na wewe tusingeweza kukaa tena." Akaweka sabuni ya mwisho. "Nikaona nikusubiri. Nilijipa mpaka Jumapili."

"Ningekuwa sijaja Jumapili?"

"Ningehamia kununua nyanya kwa Apolonia." Yule wa kona, ambaye nyanya zake mie nazisema mtaa mzima. Tukacheka, na mie nalia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tisa yameniuma, Mama Tupo. Usidhani hayajaniuma." Nikasema najua. Akanishika mkono, akauacha, akaenda kufungua mlango wa duka.


Jumamosi, 17 Mei

Namba leo ameandika Tupo. Mie naandika mengine.

Saa moja asubuhi yai moja la pembeni lilikuwa na ufa. Saa tatu yalikuwa saba. Sauti zinatoka ndani kabla ya mtu mwenyewe, nyembamba, kama viatu vipya. Bi Wahiba alikuja na kiti chake. Baba Tupo akasema anapita tu, akapita mpaka saa nane.

Wa kwanza alitoka saa nne kasorobo. Maskini, ameloa, shingo haijasimama, amelala kifudifudi juu ya wenzake kama nguo iliyotoka kuoshwa. Na ule upepo unampiga! Unampiga kweli, manyoya yanalala huku yanalala kule. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Mama," akasema Tupo, hajageuka.

"Sijagusa."

"Ndani mle kuna joto. Hauumi."

"Nimesema sijagusa!" Nikakalia mikono yangu. Kweli kabisa, nimekaa juu ya viganja vyangu viwili kama mtoto aliyeadhibiwa, na Bi Wahiba akaona, akaweka goti lake kwenye goti langu akabana.

Sikuondoa macho. Upepo ulimchukua unyevu kidogo kidogo. Manyoya yakaanza kuachana, moja, mawili, kisha ghafla yakasimama yote, akawa duara. Akanyanyua kichwa, akaangalia mlango. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na tatu nikidhani upepo unajua kuchukua tu.

Kufika saa kumi wametoka ishirini na wanne. Manne yamegoma, Tupo anasema tuyasubiri mpaka kesho. Bi Wahiba aliwashika mmoja mmoja akawaangalia miguu. Ni mirefu, minene, ya njano. "Nasser," akasema, basi. Jogoo ni yupi hajui, ni mapema mno, ila kati ya ishirini na wanne hawakosekani.

Ndaga fijo, Bwana. Kwetu Rungwe ndivyo tunavyoshukuru, na leo Kiswahili hakinitoshi.


Jumapili, 18 Mei

Manne hayakutoka. Tupo amepanda basi asubuhi. Nilimfungulia dirisha la chumba alipolala jana. Aliona.


Jumatano, 21 Mei

Mvua imeanza kuchoka. Bi Wahiba kapita, hajakaa, anasema vifaranga wanakula kama askari na mmoja ameshaanza ugomvi, huyo lazima ni dume. Kisha akasema, "Mashine usiifunge. Kuna mwenzangu Boko, Bi Lujain, ana mayai ya bata thelathini na bata wake ameyakimbia. Nimemwambia ayalete kwako."

"Kwangu? Umpe Tupo namba yake, Tupo akija likizo."

"Kwako, nimesema. Anakuja kesho."

Nikamsindikiza mpaka getini. Nikamshika kanga. "Bi Wahiba, umemwambia kuhusu yale tisa?"

"Nimeanza na hayo tisa," akasema, akaenda zake.

Nimerudi ndani nikasimama mbele ya sanduku. Kisha nikachukua maji na sabuni nikaosha trei.